Ngumi Iliyofunikwa kwa Kiganja

Methali za Kiswahili hazina kauli moja kuhusu safari. Ipo inayomhimiza mtu atembee ili aone, na ipo inayomwonya kwamba mtembezi hula miguu yake. Ipo inayomtetea mwenda bure kuwa si mkaa bure, na ipo inayomkumbusha kwamba mwacha asili ni mtumwa. Fasihi andishi nayo imelishughulikia suala hili tangu kale. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa masimulizi ambamo Selim bin Abakari anaeleza safari yake ya Urusi na Siberia. Masimulizi ya aina hiyo humwachia msomaji swali lile lile: msafiri hurejea na nini, na hicho alichorejea nacho kina manufaa gani kwa waliobaki nyumbani?

Swali hilo linamhusu kijana mmoja wa Keringet aliyekwenda Uchina mwaka 2018 kujifunza kungfu. Jina lake si muhimu hapa. Lililo muhimu ni sababu iliyompeleka, kwa kuwa sababu hiyo haikuwa ile aliyowaambia watu.

Keringet ni mji mdogo wa Kuresoi Kusini, katika kaunti ya Nakuru, pembezoni mwa msitu wa Mau. Umeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za ukungu na baridi inayopenya sweta. Watu wake huishi kwa chai, viazi, pareto na maziwa. Lakini kinachoutambulisha mji huu duniani ni miguu ya wakimbiaji. Faith Kipyegon, aliyekulia huko, alitwaa nishani ya fedha ya mita 1,500 katika mashindano ya ubingwa wa dunia yaliyofanyika Beijing mwaka 2015, na mwaka 2023 akavunja rekodi tatu za dunia katika muda usiozidi miezi miwili. Mtoto wa Keringet anayeonekana barabarani alfajiri hudhaniwa anafanya mazoezi ya mbio. Kijana huyu alidhaniwa hivyo tangu utotoni, naye hakuwa na hamu nazo.

Hamu yake ilikuwa katika kibanda cha video. Huko ndiko alikokutana na Bruce Lee, ambaye alikuwa amefariki dunia tangu mwaka 1973, na Jet Li, ambaye filamu yake ya mwaka 1982 kuhusu hekalu la Shaolin iliwavuta maelfu ya vijana wa Kichina kwenda kutafuta walimu mkoani Henan. Kwa watoto wa Keringet, hata hivyo, mashujaa hao hawakunena Kichina wala Kiingereza. Walinena Kiswahili kupitia sauti ya DJ Afro, ambaye aliwapa majina mapya, akawatania, akawaongezea maneno ambayo mtunzi wa filamu hakuyawaza kamwe. Sanaa hiyo ya usimulizi ina ndugu zake: Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, na Kampala ina masimulizi yake kwa Kiganda. Wataalamu wa fasihi simulizi wana deni la kuitafiti zaidi, kwa maana ndiyo iliyowafanya watoto wengi wa Afrika Mashariki waamini kwamba hekalu la Shaolin liko nyuma tu ya kilima kinachofuata.

Katika kibanda hicho alikuwa na mwenziwe. Wawili hao walikuwa majirani, wa umri mmoja, walioketi benchi moja darasani. Mmoja alizungumza Kikipsigis nyumbani kwao, mwingine Kikikuyu, na mapigo ya Shaolin waliyaiga kwa Kiswahili nyuma ya ghala la viazi. Eneo la Kuresoi lilikuwa limeonja machafuko ya kikabila mwaka 1992. Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008 yalirudi. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa usiku, na familia ya yule mwenzake ikaondoka ndani ya lori kwenda uwanja wa maonyesho wa Nakuru, mahali palipogeuzwa kambi ya wakimbizi wa ndani. Watoto hao walikuwa na umri wa miaka kumi. Yule aliyebaki alisimama kando ya barabara, mikono mitupu, akatazama lori likipinda kona. Siku hiyo aliazimia kuwa mtu ambaye, siku nyingine kama hiyo ikija, hatasimama mikono mitupu. Hii ndiyo sababu ambayo hakumwambia yeyote.

Alipokuwa na miaka ishirini, alikuwa ameshachuma majani chai kwa vibarua vya misimu kadhaa, na kuuza ng'ombe wawili aliorithi kwa babu yake. Mamaye alipopata habari ya nia yake hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, unavuka bahari kwenda kufunzwa kupigana? Wapiganaji tumewakosa hapa?" Kijana hakuwa na jibu, na hilo alilibeba pamoja na mzigo wake.

Hakuwa Mwafrika wa kwanza kuishika njia hiyo. Luc Bendza wa Gabon alikwenda Uchina akiwa kijana mdogo katika miaka ya 1980, akapata elimu na mafunzo yake ya wushu huko. Dominique Saatenang wa Kameruni aliingia Shaolin mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika muongo wa 2010 serikali ya Uchina iligharamia mafunzo ya muda ya vijana kutoka mataifa kadhaa ya Afrika katika hekalu hilo. Kijana wa Keringet hakuwa katika mpango wowote wa serikali. Alilipa karo ya mwaka mmoja katika shule ya kibinafsi kando ya mji wa Dengfeng, chini ya mlima Song, mwendo wa kilomita chache kutoka hekalu lililoanzishwa mwaka 495.

Aliyoyakuta hayakufanana na filamu. Dengfeng ni mji wa shule. Maelfu kwa maelfu ya watoto, baadhi yao wa miaka sita au saba, hulala katika mabweni, huamka kabla ya jua, hukimbia kwa safu, hufua nguo zao kwa maji baridi. Katika mbio za alfajiri kijana huyu aliwaacha wote nyuma, na walimu wakacheka kwa furaha. Furaha hiyo haikufika saa ya pili. Walipoagizwa wasimame mabu, yaani mkao wa farasi, mapaja sambamba na ardhi, mgongo wima, magoti yake yalianza kutetemeka kabla ya dakika moja kwisha. Miguu iliyozoea kupanda milima ya Kuresoi haikujua kutulia. Kando yake mtoto wa miaka tisa alisimama kimya kama kinyago, akipumua polepole puani. Majuma sita ya kwanza hakufundishwa pigo hata moja. Alifundishwa kusimama.

Walimu wana msemo wa hali hiyo: chi ku, yaani kula uchungu. Mwanafunzi wa Kiswahili hatashangazwa na msemo huo. Lugha yetu nayo hula visivyotiwa mdomoni: mtu hula kiapo, hula hasara, hula njama, na aliyeishi sana husemwa kuwa amekula chumvi nyingi. Hata neno lenyewe kungfu halina maana ya mapigano kwa asili yake. Ni ustadi uliopatikana kwa kazi ya muda mrefu. Mpishi aweza kuwa nao, seremala aweza kuwa nao, na iko namna ya kuandaa chai kwa uangalifu mkubwa ambayo Wachina huiita kwa jina hilo hilo.

Chai ndiyo iliyomwonyesha kwanza kwamba hakuwa mgeni kabisa. Mwalimu wake aliinywa bila maziwa wala sukari, majani yakielea ndani ya chupa ya kioo, na kijana aliyekulia katika chai iliyochemshwa na maziwa hadi ikawa rangi ya udongo aliiona kama maji ya kuoshea sufuria. Lakini neno lilikuwa moja. Wao husema cha, nasi tunasema chai, neno lililotoka kwao likapitia Uajemi na kutufikia. Mmea wenyewe ulipandwa Limuru mwaka 1903, ukitoka India, na baada ya miongo kadhaa ukawa riziki ya Kericho, Bomet na Kuresoi. Kijana alimwonyesha mwalimu vidole vyake, vilivyokuwa na alama za kuchuma majani. Mwalimu alivitazama kwa muda, akammiminia kikombe cha pili.

La pili lilikuwa lugha. Wanafunzi wa kigeni wenzake walihangaika na toni za Kichina, ambamo silabi moja ma huweza kuwa mama au farasi kutegemea sauti inavyopanda au kushuka. Yeye alihangaika kidogo kuliko wao. Kiswahili hakikumsaidia hapo, kwa kuwa si lugha ya toni. Kilichomsaidia ni Kikipsigis, ambacho ni lugha ya toni kama ndugu zake wa Kikalenjin. Sikio alilopewa na bibi yake lilitambua mapema kuwa sauti ikibadilika neno hubadilika. Kiswahili kilimfaa kwa namna nyingine. Jioni aliandika katika daftari kila alichofunzwa, na kukitafutia jina: mabu akaiandika mkao wa farasi, gongbu, mkao wa upinde, taolu, mfululizo wa mapigo, sanda, pambano huru. Aligundua kwamba alikuwa na msamiati kuliko alivyodhani. Kiswahili kina kukinga, kukwepa, kuhepa, kukaba, kutega ngwala, kubwaga. Kina mieleka na ndondi. Na huko Lamu kina kirumbizi, mchezo wa fimbo ambao wachezaji huushindania kwa mdundo wa ngoma. Lugha iliyomtunza Fumo Liyongo haiwezi kukosa maneno ya vita.

La tatu lilikuwa mpangilio wa heshima. Mwalimu huitwa shifu, neno linaloweza kuandikwa kwa herufi ya mwalimu na ya baba kwa pamoja. Aliyetangulia kujiunga na mwalimu huitwa kaka mkubwa, hata akiwa mdogo kwa miaka. Hivyo kijana wa miaka ishirini alimwita kaka yule mtoto wa miaka tisa, akampisha mlangoni. Wanafunzi kutoka Ulaya waliliona jambo hilo kama mzaha. Yeye hakuliona hivyo. Kwa Wakipsigis, ukubwa wa mwanamume hutokana na rika alimotahiriwa, na siri za jando hufundishwa na motiriot, mlezi ambaye mwari humtii na kumheshimu maisha yake yote. Mwari hupata maumivu na hatakiwi kupepesa jicho. Hakuna aliyemwambia, siku ya kupanda ndege, kwamba alikuwa anakwenda jandoni mara ya pili.

Hata hivyo, katika haya yote hakuwa amepata alichokifuata. Alikuwa amekwenda kutafuta mikono isiyo mitupu. Katika mwezi wa saba, akiwa sasa anapiga na kukinga kwa kasi, alimwuliza shifu, kwa Kichina chake cha kuungaunga, ni pigo gani litamzuia mtu mwenye upinde, au watu kumi wenye mapanga. Mwalimu hakucheka. Alimwamuru atoe salamu ambayo kila mwanafunzi huitoa kabla na baada ya zoezi: ngumi ya mkono wa kulia kifuani, kiganja cha kushoto kikiifunika. Akamwuliza ni mkono upi wenye kazi ngumu zaidi. Kijana akajibu kuwa ni wa ngumi. Mwalimu akatikisa kichwa. Ngumi, alisema, kila mtu huzaliwa nayo. Kiganja ndicho hufunzwa.

Baadaye mwalimu alimchorea herufi ya wu, ile inayopatikana katika neno wushu, sanaa ya vita. Yako maelezo ya kale sana ya Kichina yanayoigawa herufi hiyo sehemu mbili: zuia, na silaha. Wanaisimu wa leo huyatilia shaka, kwa hoja kwamba ile sehemu ya "zuia" hapo kale ilikuwa mchoro wa unyayo, hivyo herufi yaelekea ilimaanisha mtu anayekwenda vitani na silaha yake. Mwanafunzi wa lugha atatambua hapa jambo analolijua: etimolojia ya watu aghalabu hukosea kuhusu asili ya neno, lakini hufichua kile ambacho watu hao wangependa neno limaanishe. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili, watu waliojua kupigana walipenda kuamini kwamba neno lao la vita lina kizuizi ndani yake.

Jibu hilo halikumridhisha kijana. Kiganja hakizuii mshale. Aliyeona paa linaungua haambiwi kwamba adili litamwokoa, na mwaka wake ulikwisha akiwa bado anaubishia moyoni ujumbe wa mwalimu. Alirejea Keringet mwishoni mwa 2019. Miezi michache baadaye janga la korona lilifunga shule, na watoto wakabaki wakizurura mashambani. Majirani wakamwomba awashughulishe. Alianza na watoto kumi na wawili katika uwanja wa shule ya chekechea, magunia yakiwa mikeka. Mamaye alikuja siku ya tatu, akasimama kando ya ua. Aliwakuta watoto wamesimama mkao wa farasi, kimya, magoti yakitetemeka. Alingoja aone watakapopigana. Hawakupigana. Akarudi nyumbani, na jioni akapeleka birika la chai.

Kufikia mwaka 2022 darasa lilikuwa na watoto thelathini na wanne. Katika mwezi wa Juni, uchaguzi mkuu ukikaribia, wanaume watatu walimjia jioni. Walimsifu kwanza, kisha mmoja akasema, "Mwalimu, vijana wetu wako tayari. Wape mazoezi kabla ya Agosti, ya kujilinda tu." Neno kujilinda lina historia ndefu Kuresoi, pande zote zimewahi kulitumia. Hapo ndipo alipofahamu kwamba azimio lake la mwaka 2008 na ombi la wanaume hao lilikuwa jambo moja, na kwamba angekuwa na umri wa miaka ishirini bila ya Dengfeng angalikubali. Aliwajibu kwa adabu: "Wazee wangu, darasa liko wazi kwa vijana wote. Kila atakayekuja, aje na kijana wa jirani ambaye lugha ya kwao ni nyingine."

Hawakurudi. Juma lililofuata watoto saba hawakuonekana darasani, na kuna waliompita barabarani bila salamu. Uchaguzi ulipita bila ya moto. Hakuna anayeweza kusema kwamba kukataa kwake kulichangia hata chembe, naye hadai hivyo. Wanne kati ya wale saba walirudi mwezi wa Septemba. Watatu hawakurudi hadi leo.

Mwaka uliofuata alimtafuta mwenziwe wa kibanda cha video, akampata Nakuru, akiuza vipuri vya pikipiki. Walikunywa chai. Mwenziwe alisikiliza habari za Dengfeng kwa makini, kisha akauliza, "Na huko kote, ndugu yangu, ulifunzwa kumpiga nani?" Walicheka wote wawili, kicheko kilichokwisha mapema. Alimwalika Keringet. Mwenziwe alisema atafikiria. Shamba la baba yake sasa linalimwa na mtu mwingine, na hakuna salamu ya mikono iwezayo kulirudisha. Safari humpa mtu mengi, lakini haimpi uwezo wa kuugeuza wakati uliopita.

Sasa wushu imepewa nafasi miongoni mwa michezo ya medali katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana iliyopangiwa Dakar mwaka 2026, na huenda watoto wengi zaidi wa Afrika wakavutiwa nayo. Kuna watakaohofu kwamba mchezo wa kigeni utawafanya watumwa wa utamaduni wa wengine. Hofu hiyo haifai kupuuzwa, lakini mfano wa Keringet unaonyesha upande wa pili. Kijana huyu alikwenda mbali akakutana na motiriot wake, toni za bibi yake na majani ya chai ya nyumbani. Aliyekosa kuvijua vya kwao asingevitambua alipovikuta ugenini.

Kwa wapenzi wa Kiswahili liko jambo moja zaidi la kuzingatia. Darasani mwake wamo watoto wa Kikipsigis, Kikikuyu, Kigusii na Kiogiek. Hatoi amri kwa lugha ya nyumbani kwake, kwa sababu baadhi yao wangejiona wageni. Wala haitoi kwa Kichina, kwa sababu amri isiyoeleweka haitiiwi. Huzitoa kutoka katika lile daftari: mkao wa farasi, mkao wa upinde, kinga, rudi, pumua. Maneno hayo hayamo bado katika kamusi zetu kwa maana anazozitumia, na wasomi wa istilahi wangefanya vyema kuyasikiliza yanavyokua midomoni mwa watoto kabla ya kuyatungia mengine ofisini. Kwa salamu ile ya ngumi na kiganja hakuwahi kupata jina lililomridhisha. Watoto wenyewe walilipata. Wao huiita "funika", na husemeshana hivyo hata uwanjani, mchezo unapoanza kugeuka ugomvi.